Watu wa Ijumaa: Wanaila Dodoma Jumatatu, Wanaitukana Jumamosi

Ukitaka kuwajua watu wa Ijumaa usiangalie sura, angalia chini ya meza. Kuanzia saa nne asubuhi ya siku hiyo kuna begi la magurudumu limelala pale, mafaili yamesukumwa pembeni, chaja imeshachomolewa ukutani, na mwenye begi anatazama saa kila dakika tano kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Saa saba mchana hayupo. Muulize jirani yake wa meza, atakujibu bila hata kupepesa macho: "Ametoka kidogo." Hiyo kidogo inaishia Dar es Salaam, na inarudi Jumatatu saa nne, macho mekundu, inapiga miayo.

Jamani, hakuna aliyesema mtu asisafiri. Treni ipo, nauli ni ya kwake, nchi ni yake. Kinachokera ni yale yanayofuata. Mtu huyohuyo akishafika Dar anaposti picha ya bahari na maneno "afadhali nimetoka jangwani". Jumapili jioni anaposti tena, safari hii na vikaragosi vya kulia, kwamba anarudishwa kifungoni. Kifungo chenyewe ndicho kinachomlipa mshahara, posho, na nauli ya hiyo picha ya bahari.

Yupo dada mmoja wa wizara fulani pale Mtumba, ana wafuasi wengi tu mtandaoni, ambaye ameigeuza Dodoma kuwa kichekesho chake cha kila wiki. Vumbi: kichekesho. Upepo wa Julai unaopasua midomo: kichekesho. Nywele zilizokauka: kichekesho. Halafu zabibu zikiiva anasimamisha gari barabarani, anachukua maboksi matatu, anapanda nayo treni, anawauzia majirani zake wa Dar na faida juu. Jangwa gani hilo linalozaa zabibu mara mbili kwa mwaka?

Turudi kwenye begi lenyewe, maana lina mambo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na moja ya hoja zake ilikuwa rahisi kiasi kwamba hata mtoto angeielewa: Dodoma iko katikati. Mtu wa Kigoma, wa Kagera, wa Mtwara, wa Mbeya, wote wapunguziwe safari ya kuifuata serikali yao pwani. Ikapita miaka 43 ya nusu kuhama nusu kubaki, mpaka 2016 iliposemwa kwamba sasa basi, wote twende. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Mwaka 2019 Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa, mwaka 2023 Ikulu mpya ya Chamwino nayo ikazinduliwa. Majengo yamehama, mafaili yamehama, hata kiti cha kuzunguka cha bosi kimehama. Mwenye kiti tu ndiyo bado anajadiliana na nafsi yake.

Sasa chukua mzee mstaafu, mwalimu wa zamani, anatoka Tabora kufuatilia mafao yake yaliyokwama. Kasafiri usiku kwa basi, kashuka Nane Nane, kanywa chai ya rangi na chapati moja, kauliza njia, kafika ofisi aliyoelekezwa Ijumaa saa nane mchana. Saa za kazi za serikali zinajulikana: saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Bado ana saa moja na nusu ya kuhudumiwa. Kijana wa mapokezi anamwamkia vizuri, shikamoo mzee, karibu mzee, kaa hapo mzee. Halafu anamwambia anayeshika faili lake ametoka kidogo, arudi Jumatatu.

Arudi Jumatatu! Mzee wa watu analala wapi siku tatu? Anakula nini? Akirudi Tabora ni nauli mara mbili, akibaki ni gesti usiku wa Ijumaa, wa Jumamosi na wa Jumapili, kwa mtu ambaye shida iliyomleta ni kwamba hana hela. Wakati huohuo mwenye faili yuko ndani ya behewa lenye kiyoyozi, anaangalia tamthilia kwenye simu. Hapo ndipo lile wazo la 1973 linapofia. Serikali imesogea katikati ili mzee asitembee sana, lakini mtu anayemhudumia mzee amebaki Dar kwa roho, na roho hiyo inaondoka na treni ya Ijumaa.

Treni yenyewe haina kosa. Ilipoanza kubeba abiria kutoka Dar hadi Dodoma Julai 2024, na Rais akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti, watu wa Dodoma walishangilia kuliko wote. Safari iliyokuwa inakula karibu siku nzima kwenye basi ikawa chini ya saa nne. Wengi walidhani sasa watu watakuja: watu wa Dar watapanda Ijumaa kuja huku, wapumzike, wale nyama, wafike Kolo kule Kondoa wakaone michoro ya mapangoni ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Kumbe reli ina pande mbili na Ijumaa upande mmoja ndio unaojaa.

Na hesabu watu hawaipigi. Daraja la kawaida lilipoanza lilikuwa shilingi 31,000. Kwenda na kurudi 62,000. Wiki nne, 248,000. Bado bodaboda ya kufika stesheni, bado teksi ya kutoka stesheni ya Dar kwenda Bunju au Mbagala usiku. Kuna mitaa Dodoma, Nkuhungu kwa mfano, hela hiyo inakupangisha chumba na sebule na chenji inabaki. Halafu mtu huyo mwisho wa mwezi analalamika Dodoma maisha ghali.

Anachokwenda kukifanya Dar nacho ni cha kuchekesha. Kaka mmoja wa taasisi moja hivi, huwaambia wenzake kila Jumatatu kwamba Dar ndiko kwenye maisha. Ukimfuatilia ratiba yake: Ijumaa anafika nyumbani usiku, watoto wamelala. Jumamosi asubuhi analala, mchana ana kikao cha harusi ya binamu wa shemeji ambako anachangishwa, jioni yuko foleni Mwenge. Jumapili ibada, pilau la haraka, saa tisa anaanza kupanga begi kwa hasira. Bahari yenyewe anaiona kwenye posti za yule dada wa wizara.

Wapo wenye sababu, hilo lisemwe. Mume anafanya kazi bandarini, mke kahamishiwa Mtumba, mtoto yuko kidato cha nne na mitihani inakaribia: huyo hawezi kung'oa familia kama mti wa mche. Wapo wanaouguza wazazi. Hao wanasafiri kimya, wanaaga ofisini, wanaomba ruhusa, wanarudi Jumapili, na huwezi kuwasikia wakitukana mji. Wanaolia sana mtandaoni mara nyingi ni wale ambao Dar hawana mume, hawana mtoto, hawana hata mgonjwa, wana baa tu.

Tukigusa baa, kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva aliwahi kuletwa mjini kutumbuiza, akapanda jukwaani amechelewa, akakuta ukumbi una viti vitupu, akasema Dodoma hakuna watu. Maneno yakasambaa, watu wa Ijumaa wakayashangilia. Hakuna watu? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179 jijini. Watu wapo tele. Wasiokuwepo Jumamosi usiku ni wale wenye mishahara ya kununua tiketi za elfu hamsini, na waandaaji wa shoo wenyeji wanalijua hilo, ndiyo maana Bunge likiwa linakaa wengine wanaweka burudani Jumatano. Jumatano hiyo kupata meza ni kwa tabu, nyama inaisha saa mbili. Njoo Jumamosi, mhudumu anafuta meza ileile mara tatu.

Huyo mhudumu ndiye anayelipa. Mama ntilie wa Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji, wiki yake ina siku nne na nusu za biashara, lakini mtoto wake anakula siku saba. Bodaboda wa Ihumwa hivyohivyo. Mwenye saluni wa Kisasa amefungua kwa mkopo akitegemea akina dada wa maofisini watakuja Jumamosi kusuka. Akina dada wanasukia Sinza. Fundi cherehani anapelekewa kupunguza suruali tu, suti inashonwa Kariakoo. Dodoma Jiji FC wapo Ligi Kuu tangu 2020, wanacheza Jamhuri pale mjini, lakini watu wa Ijumaa uwanja huo wanaujua siku Simba au Yanga wamekuja, na wanakaa upande wa wageni.

Lakini wenyeji nao wasijifanye watakatifu, maana hapa kuna mchezo wa pande mbili. Baadhi ya wenye nyumba wa Dodoma wamemfanya mtumishi wa serikali kuwa mashine ya kutolea hela. Akisikia mpangaji ni "wa wizarani" kodi inapanda akiwa bado yuko getini. Anataka ya miezi sita mkononi, wengine mwaka mzima, kwa nyumba ambayo rangi haijakauka na choo kinavuja. Gesti nazo, likikaribia Bunge la bajeti la Aprili hadi Juni, bei inaruka kama chura, na chumba ni kilekile, shuka ileile, na yule mende aliyekuwepo Februari bado yupo. Bajaji ikimwona mtu amevaa kitambulisho shingoni inamtajia bei ya mgeni. Mtu akishakamuliwa hivyo mwaka wa kwanza, mwaka wa pili hana hamu ya kuuita mji nyumbani. Anayemkamua mgeni Jumatatu asishangae mgeni akikimbia Ijumaa.

Hata hivyo, bei mbaya ya gesti haimpi mtu ruhusa ya utani ule mwingine, ule wa ombaomba. Huo umezidi. Kwa sababu miaka ya nyuma ombaomba mmoja maarufu wa barabarani Dar alikuwa mtu wa Dodoma, basi hadi leo kabila zima linabebeshwa kopo. Mgogo akiomba kalamu ofisini, watu wanaangua kicheko: "Ndiyo asili yenu." Mfanyakazi mmoja wa usafi, mama mtu mzima, anawaamkia "mbukwenyi" asubuhi wanapoingia, nao wanamrudishia salamu hiyo kwa kuibana pua. Mama anacheka nao, kwa kuwa anahitaji kazi.

Ugogo ni nchi inayopata mvua msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, kama milimita 570 kwa mwaka, na mwaka mwingine hazifiki. Kwenye ardhi hiyo watu wamelima uwele, mtama, karanga na alizeti, wamefuga ng'ombe, wameanika mlenda wa kuwavusha kiangazi, vizazi na vizazi. Mpe huyo anayecheka jembe na milimita 570 uone kama Machi atakuwa na cha kupika. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka hukuhuku akaibeba zeze na ilimba hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, wazungu wakakaa kimya kumsikiliza. Leo mtu aliyemaliza chuo anaishi kilomita chache na watu wa Zawose na anachokijua kuhusu Wagogo ni kopo.

Na kuna jambo la ardhi, ambalo halipendwi kusemwa kwenye maofisi yenye vigae. Makao makuu hayakujengwa angani. Palikuwa na mashamba, palikuwa na makaburi, palikuwa na zizi la babu wa mtu. Tangu 1973 mamlaka ya kustawisha makao makuu, ile iliyozoeleka kama CDA, ilipima, ikagawa, ikabomoa, ikawapa watu viwanja vya miaka 33 badala ya 99, na migogoro ikajaa hadi Mei 2017 ilipovunjwa na Rais na kazi zake kupelekwa manispaa. Familia nyingi zilipisha ili wizara zipate pa kukaa. Wapo waliolipwa, wapo wanaosema walilipwa kiduchu, wapo ambao kesi zao zilizeeka nao. Watu hao ndio wanaosikia kutoka kwa mpangaji wa kiwanja chao cha zamani kwamba hapa hapakaliki.

Yule dada wa zabibu ana tabia moja ya kuongezea hapo. Akisimamisha gari kwa mama muuza zabibu, kwanza anauliza bei, halafu anasema "mama nipunguzie", halafu "mama niongeze vichala viwili", halafu "mama nipe na kile kimoja nionje". Muda wote injini inanguruma. Mama anatoa. Akiingia kwenye gari anamwambia dereva kwamba watu wa huku wanapenda kuomba.

Sasa maji. Hapa watu wa Ijumaa wana hoja, na ni hoja nzito kuliko wanavyojua wenyewe. Maji ya Dodoma ni shida. Mji umetegemea visima vya Makutupora kwa miaka mingi, idadi ya watu imekaribia mara mbili ndani ya miaka kumi, na mgawo umekuwa sehemu ya maisha. Yakitoka yana chumvichumvi, sabuni haitoi povu, birika linaota magamba. Bwawa la Farkwa limetajwa kwenye hotuba miaka nenda rudi. Nani atabisha?

Lakini hebu fikiri nani anayelalamika na nani anayebaki. Mwenye uwezo wa kuuliza kikaoni bwawa limefikia wapi, anayekaa meza moja na wenye maamuzi, anayeandika hizo taarifa za utekelezaji, ndiye anayeondoka Ijumaa. Jumamosi bomba likikauka hayupo. Jumapili mkewe hayupo foleni na ndoo, yuko Tegeta. Mtoto wake hasomi shule ambayo darasa lina watoto wengi kupita kiasi, anasoma Dar. Mama yake akiugua figo anampeleka Dar kwa mazoea tu, wakati Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko hapahapa Dodoma inapandikiza figo tangu 2018. Kero za mji zinamfikia kama habari, kama zinavyomfikia mtu wa Tanga. Zingemfikia kama kiu, zingeshughulikiwa kwa kasi nyingine. Masaki ingekosa maji siku nne mfululizo, taarifa ya habari ingeanza na hiyo.

Ndiyo maana mwenye begi la magurudumu hamuumizi mzee wa Tabora peke yake. Anauondolea mji watu wenye sauti katika siku mbili ambazo mji unapaswa kujadiliwa na wenyewe. Mji wowote unatengenezwa na watu wanaokereka nao Jumamosi: wanaomfuata mwenyekiti wa mtaa kwa sababu taa ya njiani imeungua, wanaogombana na mwenye baa kwa sababu ya kelele, wanaokwenda mnada wa Msalato kula nyama na kurudi wakilalamikia barabara kwa sababu wameipita wenyewe. Mnada huo ni wa Jumamosi, kwa taarifa yao. Wapo watumishi wenye miaka zaidi ya mitano Dodoma ambao hawajawahi kuukanyaga, lakini wana maoni kwamba Dodoma hakuna nyama nzuri.

Nenda mitaa ya Ilazo au Kisasa Jumamosi mchana. Mageti yamefungwa, magari hayapo, yuko mlinzi kwenye kiti cha plastiki na redio ndogo. Mlinzi ndiye anayejua maji yanatoka saa ngapi, ndiye anayejaza matenki ya nyumba tatu usiku, ndiye anayejua ni nguzo gani imeinama na mtaro upi umeziba. Mwenyekiti wa mtaa akiitisha mkutano Jumapili, kina mama wachache wanakuja, wazee wawili, na walinzi. Wanasubiri akidi saa nzima kwenye jua. Ajenda ni mtaro, kwa sababu mvua za Desemba zikija utaingiza maji kwenye nyumba za watu, zikiwemo zile zenye mageti. Mlinzi mmoja ananyoosha mkono, anasema bosi wake amemtuma aseme anaunga mkono. Mwenyekiti anamuuliza anaunga mkono nini, maana hakuna kilichopendekezwa bado. Mlinzi anasema hajui, ameambiwa aseme hivyo, bosi yuko Dar.